Tujaribu hesabu kabla ya kumshitaki mtu

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kugawanya hesabu kubwa kwa njia ndefu, yenye kujaza ukurasa mzima. Njia ile ni njema. Lakini mara nyingine twataka kujua neno moja tu: je, hesabu hii yagawanyika bila baki, ama sivyo? Kwa swali hilo ziko njia fupi, na sisi tumeona faida yake katika kikundi chetu cha wakulima.

Sisi tu jamaa 9. Tuliuza maharagi yetu pamoja, kilo moja kwa franka 3.150, zote kilo kamili, bila nusu. Karatasi ya kilo ilibaki kwa mnunuzi mjini. Mtunza sanduku aliandika katika daftari franka 847.350, akaipa kila jamaa 94.150. Lakini tangazo lililobandikwa mlangoni lilisema 874.350, maana yake kila jamaa ingepata 97.150. Franka 3.000 za kila jamaa zimekwenda wapi? Maneno yakaanza, na wengine wakamwita mwizi waziwazi.

Tulianza na kanuni ya 9. Ndiyo hii: jumlisha tarakimu zote, jumla ikigawanyika kwa 9, hesabu nzima nayo yagawanyika. 8 na 4 na 7 na 3 na 5 na 0 ni 27, yaani 9 mara 3. Basi 847.350 yagawanyika. Lakini hata 874.350 ina jumla ya 27! Sababu ni hii: 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1. Ukiondoa zile 9 zote, katika 400 inabaki 4, na katika 40 inabaki 4 vilevile. Kanuni ya 9 haitazami mahali tarakimu ilipokaa.

Kwa hiyo, tarakimu mbili zikibadilishana mahali, tofauti ya hesabu hizo yagawanyika kwa 9 siku zote. Tofauti yetu ilikuwa 27.000, yaani 9 mara 3.000. Tazameni: huku 47, kule 74. Huo si ushuhuda kamili, kwani hata mwizi aweza kuchukua 27.000. Lakini yatosha kutufanya tungoje kidogo kabla ya kuhukumu.

Ikabaki kujua hesabu ipi ni ya kweli. Bei ya 3.150 ni 7 mara 450. Basi kilo ziwe ngapi ziwazo, fedha yote sharti igawanyike kwa 7. Kanuni ya 7 ndiyo hii: ondoa tarakimu ya mwisho, uizidishe mara 2, uitoe katika hesabu iliyobaki, rudia mpaka upate hesabu ndogo. Tuliacha 0 ya mwisho, kwani haigeuzi neno. Tukashika 87435: 8743 toa 10 ni 8733, 873 toa 6 ni 867, 86 toa 14 ni 72. Na 72 haigawanyiki kwa 7. Basi tangazo lilikosea. Tukashika 84735: 8473 toa 10 ni 8463; 846 toa 6 ni 840, yaani 7 mara 120.

Hakuna uchawi. 21 ni 7 mara 3, na 105 ni 21 mara 5. Katika 84735 ukitoa 105, inabaki 84630. Ondoa 0, ndiyo 8463 yetu.

Lakini tusidanganyike: hesabu nyingi nyingine zagawanyika kwa 7. Jaribio laweza kuonyesha kosa. Haliwezi peke yake kuonyesha kweli yote. Ilitupasa kungoja karatasi. Ilipofika, ilisema kilo 269. Na 269 mara 3.150 ni 847.350. Mtunza sanduku hakuchukua hata franka moja.

Ndugu wasomaji, wafundisheni watoto kanuni hizi jioni, na sababu zake pia, maana asiyejua sababu hajui wapi kanuni yake haioni. Na fedha za kikundi zisipopatana, tuanze kwa kutazama tarakimu. Kalamu huteleza upesi. Jina la mtu likichafuliwa, kulisafisha hakuna njia fupi.