Zeze Mikononi mwa Wanawake

Kwetu Ugogo mvua ni chache na ikija haikai. Kufika Julai nyasi zimekauka, mito imebaki mchanga mtupu. Muziki niliokulia nao ulitoka katika nchi hiyo: zeze lenye mkwaruzo, na ilimba inayovuma kama nyuki kwa sababu ya tando za buibui zilizobandikwa kwenye matundu ya kasha lake. Vyote viwili vilikuwa vya wanaume. Mama zetu walipiga muheme, ngoma ndefu inayobanwa mapajani, na waliipiga mpaka vumbi likatimka. Lakini zeze likianza kulia, kazi yao ilikuwa kuitikia.

Aliyeufikisha muziki huo mbali ni Hukwe Zawose wa Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, kisha Hukwe akahamia Bagamoyo na kufundisha katika Chuo cha Sanaa. Nikimsikia redioni nilistaajabu: mtu anaishi kando ya bahari, kwenye minazi, na bado sauti yake inakuonyesha mibuyu na ng'ombe wanaotafuta maji. Mwaka 1996 albamu yake Chibite, aliyoimba na mpwa wake Charles, ilitolewa Uingereza na Real World, lebo iliyoanzishwa na Peter Gabriel.

Hukwe alifariki 2003. Wengi kwetu tulihofu kwamba zeze lingebaki kwenye makumbusho. Mwanawe Msafiri akalichukua, akalichanganya na vyombo vya kisasa. Hilo lilitufurahisha, ila halikutushangaza. Mtoto wa kiume kurithi zeze la baba ni jambo la siku zote.

Kilichobadilisha mambo ni Pendo, binti yake Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Kwa miaka mingi walisimama nyuma, wakiitikia na kucheza. Sasa wanajiita The Zawose Queens. Wanapiga zeze na ilimba wenyewe, na nyimbo ni zao. Albamu yao ya kwanza, Maisha, ilitoka 2024. Nilipoisikiliza, sauti zile zinazopandana, moja ikishuka nyingine ikiruka juu, nilizitambua. Ni sauti za mama zetu wa muheme, safari hii hawaitikii mtu.

Wenye redio za Dodoma, nawaombeni: msiwawekee wanawake hawa kipindi cha utamaduni peke yake. Pigeni nyimbo zao saa za mchana, watu wakiwa sokoni na kwenye daladala.