Kutoka Sunset Valley hadi Willow Creek

Ukitaka kuzuru mji wa Sunset Valley huna haja ya pasipoti wala nauli ya meli. Mji huo haumo katika ramani yoyote ya dunia. Umo ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao The Sims 3, uliotolewa Marekani na kampuni ya Electronic Arts mwezi Juni, 2009. Hata hivyo ni mji hasa: una pwani, vilima, soko, shule, maktaba, hospitali na makaburi, na wapo watu waliokaa humo miaka mingi kuliko walivyokaa katika mtaa wao wenyewe.

Huenda baba au mama asomaye ukurasa huu hajawahi kuuona mchezo wa namna hii, ingawa vijana wake wanaujua fika. Humo hakuna bao la kufunga wala adui wa kupigwa. Mchezaji huumba mtu, au jamaa nzima, akawajengea nyumba, kisha akawatazama wakipika, wakilala, wakienda kazini, wakigombana, wakizaa na kuzeeka. Aliyeubuni ni Bwana Will Wright. Nyumba yake iliteketea katika moto mkubwa ulioikumba Oakland, California, mwaka 1991, na alipokuwa akikusanya upya vyombo vyake, kimoja baada ya kimoja, ndipo alipoanza kufikiri juu ya mchezo wa maisha ya nyumbani. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000, la pili mwaka 2004.

Basi tuingie Sunset Valley wakati wa asubuhi. Gazeti limekwisha kutupwa mlangoni. Basi la shule, la rangi ya manjano, linasimama barabarani na watoto wanapanda. Sasa mfuate mtu wako atokapo nje. Anaweza kutembea kwa miguu, kupanda baiskeli, kuita teksi au kuendesha gari lake mwenyewe. Nawe unakwenda naye hatua kwa hatua, kupita bustani ya katikati ya mji, kupita nyumba za wenyeji, mpaka ufukweni anakotupa ndoana. Hakuna ukuta unaokuzuia njiani. Ukitaka kujua jirani anafanya nini, inua macho tu: yuko kwake, anamwagilia mboga. Na wewe ukishughulika na mambo yako, majirani hao hawakungoji. Huoana, huhama na kufa pasipo kukuomba ruhusa, na siku moja ukipita barabarani unakuta nyumba uliyoizoea ina watu wengine.

Usiondoke kabla hujafika nyumbani kwa akina Goth, jirani na makaburi. Jamaa hii ni maarufu tangu toleo la kwanza, ambamo Mortimer na Bella walikuwa tayari mume na mke. Katika Sunset Valley saa imerudishwa nyuma: Mortimer ni mtoto mdogo anayelelewa na wazazi wake Gunther na Cornelia, na Bella naye ni mtoto wa nyumba nyingine mjini humo humo. Mgeni huwapita tu. Mwenyeji husimama na kutabasamu, maana anajua mwisho wa habari ambayo wenyewe hawajaianza.

Mji huo una kasoro zake, tena si haba. Mtu wako akiingia sinemani au mkahawani, mlango hufungwa nawe ukabaki nje ukitazama ukuta mpaka atoke. Kadhalika mashine huchoka. Mji ukiisha kujaa watu na magari, kila kitu huenda kwa kusitasita kama lori la mkaa mlimani.

Tarehe 2 Septemba, 2014 ukafunguliwa mji mwingine, Willow Creek, katika The Sims 4. Mtu akifika mara ya kwanza hupendezwa, na kupendezwa huko ni kwa haki. Nyumba zina veranda na roshani zinazokumbusha New Orleans, mto unapita katikati, na miti imeinama juu ya maji. Wenyeji nao wana nyuso zenye uhai zaidi: hukasirika, huona haya, hujawa na furaha, na hali hiyo hubadili namna wanavyofanya kazi zao. Wanaweza kula huku wakizungumza, kama tufanyavyo sisi sote mezani.

Lakini jaribu kuvuka barabara ukabishe hodi kwa jirani. Unapotaka kuingia nyumbani mwake, dunia nzima huzimika, na kwenye kioo hutokea picha ya kukuambia usubiri. Baada ya kitambo unajikuta kwake. Ukitaka kurudi, ni hivyo hivyo tena. Nyumba nyingi uzionazo kwa mbali ni pambo tu, hazina wakazi. Gari hakuna. Anayetaka kwenda Oasis Springs, mji wa pili uliopo jangwani, hutoa simu mfukoni, akachagua mahali, akatoweka. (Gazeti la asubuhi nalo halikuletwa mlangoni, jambo ambalo mwandishi wa gazeti hawezi kulisamehe upesi.) Tena kile chombo cha Sunset Valley kilichokuwezesha kulipaka zulia au kiti chako rangi na nakshi yoyote ya moyo wako kiliondolewa, sasa unachagua katika rangi chache ulizopangiwa.

Hayo yote mtu angeweza kuyavumilia. Lililowaumiza wapenzi wa mchezo huu ni watoto. Katika Sunset Valley mtoto hutambaa, na mzazi hukaa naye sakafuni akimfundisha kutembea, kusema na kutumia poti. Kazi hiyo huchosha, huchukua siku nzima, na chakula huungua jikoni. Katika Willow Creek ya mwaka 2014, mtoto mchanga alikuwa kama kimoja cha vyombo vya nyumbani, amefungamana na kitanda chake. Kisha, ghafla, akawa mwanafunzi anayebeba begi. Miaka ile ya katikati haikuwapo. Mchezo unaojidai kuwa wa maisha ya jamaa uliruka hatua ya kwanza ya mtoto, hatua ambayo wazazi huisimulia mpaka uzeeni. Hata bwawa la kuogelea, lililokuwamo tangu mwanzo katika matoleo yote matatu yaliyotangulia, halikuwapo.

Waundaji walieleza kwamba nguvu zao wamezielekeza katika mambo mapya, kama hisia za watu na namna ya kujenga nyumba. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, lakini anayenunua nyumba mpya hataki kuambiwa ngazi italetwa baadaye. Na zililetwa kweli, polepole: mabwawa mwezi Novemba mwaka ule ule, watoto wanaojifunza kutembea mwezi Januari, 2017, na wachanga wanaoweza kutolewa kitandani na kuwekwa sakafuni mwezi Machi, 2023. Tangu Oktoba, 2022 mchezo wenyewe hutolewa bure, ingawa nyongeza zake, ambazo ni nyingi mno, huuzwa moja moja. Mzazi na aangalie hilo kabla ya kumpa kijana ruhusa.

Akina Goth wamehamia Willow Creek pia. Bella sasa ni mtu mzima, na ana watoto wawili, Cassandra na Alexander. Nyumba ni kubwa na inapendeza, ila gari bado halijaletwa, na Bella akitaka kumtembelea jirani wa pili, sharti kioo kizimike kwanza. Sunset Valley nayo ingali inauzwa. Atakayekwenda awe na mashine yenye nguvu, na asiwe na haraka.