Mnyama wa Miiba wa Tendaguru

Ukitaja dinosaria mbele ya vijana wa hapa Ndara, kila mmoja atatoa meno na kunguruma. Hiyo ni kazi ya sinema. Wengi wa wanyama hao walikuwa wala majani tu, kama mbuzi wa mama, na mmoja wao aliishi hapa hapa Afrika Mashariki. Wataalamu humwita kentrosauri.

Makao yake yalikuwa Tendaguru, kilima kilicho ndani ya bara kutoka mji wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Urefu wake, kutoka mdomo hadi ncha ya mkia, ni kama mita nne na nusu, kwa hivyo si jitu. Binamu yake wa Marekani, stegosauri, alimpita mbali. Kichwa chake kilikuwa kidogo, mdomo mgumu mbele kama wa kobe, na miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, hivyo aliinamia mimea ya chini. Msidhani alikula nyasi. Wakati huo nyasi hazikuwepo duniani.

Sasa njooni mgongoni. Kuanzia shingoni alikuwa na vibao vya mfupa viwili viwili. Vilipofika katikati ya mgongo viligeuka miiba, ikaendelea kiunoni mpaka mwisho wa mkia. Tena bega la huku mwiba, bega la huku mwiba!

Mdogo wangu wa gredi ya nne, alipopewa kazi ya kumchora, aliniuliza, "Sasa kama anakula majani tu, silaha za nini?"

Nikamwambia, "Muulize babu habari za nungu."

Maana nungu tunamjua. Usiku anamaliza mihogo ya babu, nyama hali, na bado simba wa Tsavo anayemvamia huondoka na miiba usoni. Watu husema eti nungu hurusha miiba kama mishale. Si kweli. Yeye hugeuka akarudi kinyumenyume, akamdunga adui kwa matako. Kentrosauri naye silaha yake kubwa ilikuwa nyuma. Mkia wenye pingili kama 40 ulipepesuka huku na huku, na mla nyama aliyekaribia alijuta. Mnyonge si lazima awe mla majani.

Mdogo wangu akachukua jembe, akaanza kuchimba nyuma ya jiko. Ilibidi nimkatize. Mawe ya milima yetu, Ndara, Sagalla na Taita yote, yalipikwa kwa joto chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kabla dinosaria yeyote hajazaliwa. Joto hilo ndilo lililotupa vito vya kijani vinavyochimbwa huku. Mifupa haimo. Alinuna sana.

Lakini lililonikaa rohoni ni habari ya wachimbaji. Mnamo 1909 Wajerumani walifika Tendaguru, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, wakachimba hadi 1913. Wanasema "walichimba". Waliochimba hasa ni mamia ya wenyeji, watu waliotoka juzi tu katika vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Hennig akampa kentrosauri jina mwaka 1915. Mpaka leo amesimama Berlin, na mifupa yake mingine ilipotea katika Vita vya Pili vya Dunia.

Sisi wa Voi hatuwezi kushangaa. Wale simba wawili waliokula wajenzi wa reli kwenye daraja la Tsavo mwaka 1898 wako Chicago. Patterson aliyewaua aliwauza kwa jumba la makumbusho la huko miaka ya ishirini.

Chamani tulibishana nusura kengele ya kwenda nyumbani itupite. Wapo waliosema mifupa irudi yote kesho. Mwenzetu mmoja akajibu kwamba huko imetunzwa miaka mia na zaidi, nasi hapa hata kabati la maktaba halina kufuli. Zote mbili ni hoja. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Boheti, na hilo ni jema, ingawa lilichelewa. Mimi kwa sasa ningeomba nakala ya plasta ya kentrosauri, mita zake zote nne na nusu, isimame Lindi mahali ambapo mtoto wa shule aweza kuingia bila kiingilio na kuhesabu miiba kwa kidole.