Safari ya Kivuko: Ubaridi wa Chumba na Khabari za Nyumbani

Ndugu msomaji, zamani mtu alipokusudia safari ya majini aliuliza mambo mawili tu, siku ya kuondoka na kiasi cha nauli. Siku hizi maswali yamezidi. Kabla ya kukata tikiti msafiri hutaka kujua kama ndani ya chombo mna ubaridi, na kama simu yake itashika mtandao. Nami niliulizwa maswali hayo hayo na mjukuu wangu, binti wa binti yangu, asubuhi tulipokuwa tukifunga mizigo nyumbani Shinyanga ili kwenda kumzuru dada yangu mkubwa, akaaye kijiji cha ufuoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Chato.

"Babu," aliniambia, "hicho kivuko kina kiyoyozi? Na mtandao upo mpaka ng'ambo?"

Nilimjibu ya kuwa sijui, na ya kuwa tutakwenda kuona. Moyoni niliyaona maswali yale kuwa ni ya kudekeza nafsi. Sasa nimerudi, na fikira yangu imebadilika, ndiyo maana nikashika kalamu.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Anayeijua Shinyanga katika miezi ya kungojea mvua hatashangaa mtoto kuuliza khabari za ubaridi. Nchi ni kavu, vumbi hupanda, na joto la mchana hupita nyuzi 30. Wazee wetu waliezeka kwa nyasi, na nyasi huzuia jua. Sisi tumeezeka kwa mabati, nayo hupokea jua na kulimimina juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo adhuhuri watu huhama ndani wakakaa chini ya mwembe.

Barabara ya Mwanza hupita karibu na Mwadui, palipogunduliwa almasi mwaka 1940 na Bwana John Williamson, kisha huingia Misungwi. Tulipofika Usagara tukaiacha njia ya mjini, tukashika ya magharibi kuelekea Kigongo. Hapo ndipo Ghuba ya Mwanza ilipotugawanya sisi na watu wa Sengerema na Geita kwa miaka mingi. Nalikumbuka foleni za magari yaliyongoja kivuko, wachuuzi wa samaki madirishani, na wagonjwa waliolazwa ndani ya gari chini ya jua huku jamaa zao wakiwapepea kwa khanga. Leo pana daraja la kilomita 3 hivi, lililowekewa jiwe la msingi Desemba 2019 na kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025, nalo limepewa jina la marehemu Rais John Pombe Magufuli. Palipoliwa saa mbili na zaidi pamekuwa pa dakika chache. Mjukuu wangu alitaka kulipiga picha, na kabla hajaiweka simu yake sawasawa tulikuwa tumekwisha fika Busisi. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo.

Tulilala Geita. Mji huu umeishi kwa dhahabu. Mgodi wa zamani uliochimbwa tangu enzi za Waingereza ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Baada ya sala ya Isha nilikaa barazani na mwenyeji wetu, mzee aliyefanya kazi ya uchimbaji tangu ujana wake, nikamhadithia maswali ya mjukuu wangu nikicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia ya kuwa chini ya ardhi ni mambo hayo hayo mawili yanayomweka mtu hai: hewa na khabari. Mwamba wa chini una joto lake, na kadiri mtu anavyoshuka ndivyo joto linavyozidi. Kwa hiyo migodi mikubwa husukuma hewa safi kwa mapangaboi makubwa kupitia mashimo maalumu. Na kila anayeshuka huandikwa, ili jioni ijulikane nani ametoka na nani hajatoka. "Mchimbaji mdogo," alisema, "mara nyingi hana hewa ya kusukumwa, wala hapana anayeliandika jina lake."

Kisha akanikumbusha mambo ya Nyangalata, upande wa Kahama, katika mkoa wetu wa Shinyanga. Mwezi wa Oktoba 2015 shimo liliporomoka na kuwafunika wachimbaji. Juu ya ardhi watu walikwisha kata tamaa. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai, ilhali mwenzao mmoja alikuwa amekwisha fariki mle ndani. Fikiri, ndugu msomaji, hali ya mtu aliye hai chini ya ardhi, na juu yake jamaa zake wanamlia kama maiti. Ukuta uliowatenga ulikuwa wa mawe, na ulikuwa pia wa kukosa khabari.

Asubuhi tukashuka Nkome. Njia ya bara ya kwenda Chato ipo, lakini kwa mtu akaaye ufuoni kama dada yangu kivuko hupunguza mzunguko. Basi hapo mjukuu wangu akapata jibu la swali lake la kwanza. Chumba cha abiria kilikuwa cha chuma, jua limekipiga tangu asubuhi, na injini chini yake ikatoa joto lake. Aliingia, akakaa kitambo, akatoka huku uso umejaa jasho. Akina mama wenye watoto wachanga walikuwa wamekwisha jua siri ya chombo: walikaa nje upande wa kivuli, unapopita upepo. Tukaungana nao. Ubaridi ulikuwapo, lakini ulikuwa wa ziwa, na ulitolewa bure.

Jibu la swali la pili likafuata. Tulipokuwa karibu na ufuo alikuwa akizungumza na mama yake kwa picha na sauti. Picha ikaganda, sauti ikakatika, na mwisho ikabaki alama ya kuonyesha ya kuwa hapana mtandao. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuzima.

Nilimweleza nilivyojua. Simu huzungumza na mnara, na mnara uko nchi kavu; mawimbi yake ya kawaida hayavuki kilomita 35 hivi, tena hupungua kabla ya hapo kwa sababu ya vilima na visiwa. Ziwa letu lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Basi katikati yake pana mahali pengi pasipofikiwa na mnara wowote. Meli kubwa za starehe zinazozunguka baharini zikiwa na maelfu ya wageni hazitegemei minara. Zina vyombo vya kunasa mawimbi ya satelaiti, zile za zamani zilizo mbali angani kilomita 36,000 hivi, na za siku hizi zilizo karibu zaidi, kama kilomita 550. Na ubaridi wake hutokana na mitambo inayotoa joto la vyumbani na kulitupa katika maji ya bahari. Hayo yote huendeshwa kwa mafuta, na mafuta hulipiwa na mwenye fedha.

Huku kwetu pia ziko meli za heshima. Meli ya Victoria iliundwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa, na mwaka 2020 ikarudi katika njia ya Mwanza na Bukoba, ikiwa na nafasi ya abiria 1,200. Na mwezi wa Februari 2023 ikateremshwa majini Mwanza meli mpya kubwa zaidi, yenye urefu wa mita 92.6. Lakini wengi wanaolipita ziwa hili hawamo katika meli hizo. Wamo katika mitumbwi.

Miongoni mwao ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu, mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa kiza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazowavuta samaki juu ya maji. Na usiku ndio wakati wa khatari. Mchana jua huipasha moto nchi kavu upesi kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kwenda bara. Usiku hugeuka: nchi hupoa upesi, maji yakabaki na joto lake, na upepo wa pande zote ukashuka kutoka bara ukakutana juu ya ziwa. Hewa yenye joto na unyevu hupanda, wingu likajengeka, na dhoruba ikapiga saa ambazo mvuvi yuko mbali na nyumbani. Joto lile lile tulilolilalamikia chumbani ndilo mama wa tufani.

Usiku wa tatu wa kukaa kwetu ulikuwa wa namna hiyo. Alasiri khabari ilipita kijijini kwa redio na kwa simu, kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, ya kuwa upepo mkali wa ziwani watazamiwa. Mpwa wangu akaufunga mtumbwi wake. Jirani yake hakuufunga, kwa kuwa alikuwa na deni, na mwenye deni huona usiku mmoja wa kukaa kuwa ni hasara kubwa. Baada ya saa sita za usiku radi zikaanza, na upepo ukayatikisa mabati.

Mke wa jirani alikuja kukaa kwetu. Dada yangu akamtandikia mkeka karibu yake. Mwanamke yule alishika simu, akapiga, akasikia sauti ya mashine ikimwambia ya kuwa nambari ile haipatikani; akangoja, akapiga tena. Mjukuu wangu alikaa pembeni yake. Simu yake mwenyewe ilikuwa na mtandao mzuri usiku ule, lakini sikumwona akiifungua. Nalimsikia akisema polepole, "Mama, ipumzishe kidogo, usije ukaimaliza chaji, wakati akipiga yeye."

Walirudi baada ya jua kuchomoza. Walikuwa wamejibanza nyuma ya kisiwa, na simu yao ilikuwa imelowa maji. Alhamdulillahi. Wengine wengi hawakurudi, na kila kijiji cha ufuoni kina orodha yake.

Ndugu msomaji, jambo hili si la wavuvi peke yao. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa majina. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Wenye vyumba walihesabiwa, na waliobanana katika joto la chini hawakuhesabiwa, hata idadi yao ya hakika ikakosekana. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilizama karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimepakia wengi kupita kiasi, wakafa watu 228.

Tangu hapo pamefanywa kazi ya kusifiwa. Kati ya miaka 2017 na 2021 idara za hali ya hewa za nchi za ziwa hili zilishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani katika kutengeneza tahadhari za kumfikia mvuvi. Na Tanzania na Uganda, chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, zimeingia katika mradi wa kueneza mawasiliano juu ya maji na kujenga kituo cha uokoaji Mwanza. Kazi hiyo haina budi ikamilike, na tuiulizie kama tunavyoulizia barabara.

Lakini liko lililo mikononi mwetu sisi wenye nyumba. Msafiri wetu aandikishe jina lake kamili, wala asiridhike kupandishwa bila kuandikwa. Awaachie jamaa khabari ya chombo gani na saa ngapi. Asikilize tahadhari kabla ya kuondoka, avae boya, na akiona chombo kimejaa kupita kiasi ashuke, hata kama nauli itapotea. Na mwenye kumdai mvuvi amngojee usiku wa dhoruba. Huenda hiyo ikawa sadaka kubwa kuliko anayoitoa Ijumaa. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali.

Siku ya kurudi tulisoma dua ya safari, tukakaa upande wa kivuli. Adhuhuri iliingia tukiwa majini. Kutoka huku kibla ni kaskazini, kwa kuinamia kidogo mashariki. Chombo kikawa kinageuka, nasi tukageuka nacho kadiri tulivyoweza. Baada ya kutoa salamu mjukuu wangu alimwendea karani wa kivuko, kijana aliyeshika daftari. Nilidhani anakwenda kumwuliza khabari za mtandao.

"Shikamoo kaka," alimwambia. "Nimekuja kuuliza, jina la babu yangu umeliandika?"