Aliyefuta Filamu Yake

Acha nianze na kosa langu, ndugu msomaji, halafu tuzungumze. Hapa Ihanda mimi na mshikaji wangu mmoja tulianza kupiga filamu. Kamera ya kuazima, waigizaji wa mtaani, bunduki za mbao. Kipande kizuri kuliko vyote tulikipigia shambani, kahawa ikiwa imechanua. Watu wa Mbozi mnajua mambo haya: ua la kahawa linakaa siku chache tu, shamba zima jeupe kama limemwagiwa unga, kisha basi, mpaka mwakani. Mshikaji akakimbia katikati ya ule weupe, majambazi watatu nyuma yake (mmoja kavaa koti la baba yangu). Kilitoka bomba, sikufichi.

Wiki mbili baadaye nikapata kazi ya kupiga video ya harusi. Memori kadi ilikuwa moja, nayo imejaa. Mfukoni sina kitu. Nikafuta. Mshikaji sikumwambia.

Ni wakati huo nilipoanza kumfuatilia Isaac Nabwana wa Uganda, anayejulikana zaidi kama Nabwana I.G.G. Jamaa alizaliwa mwaka 1973, akakulia Wakaliga, mtaa wa makabwela mjini Kampala. Utotoni sinema alikuwa haendi. Walikwenda kaka zake, wakirudi wanamsimulia, naye anaitengeneza upya kichwani. Ukubwani akafyatua matofali na kuyauza mpaka akapata kamera. Kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vipuri chakavu. Mwaka 2005 akaanzisha Ramon Film Productions, jina alilolitoa kwa bibi zake wawili, Rachael na Monica. Studio ni hapo hapo nyumbani kwake. Watu wakapabatiza Wakaliwood.

Who Killed Captain Alex? ilitoka mwaka 2010. Mwenyewe anasema haikumgharimu hata dola 200 za Marekani. Na humo ndani helikopta zinaishambulia Kampala, majengo yanalipuka, makomandoo wanarushiana mateke! Bunduki ni vyuma chakavu vilivyoungwa na fundi. Damu inatiwa kwenye kondomu, inafungwa kifuani, inapasuliwa. Zamani walitumia damu ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja akaugua, ndipo wakahamia rangi ya chakula. Filamu ikiiva, waigizaji wenyewe wanaibeba na kuiuza nyumba kwa nyumba. Na ukiitazama hadi mwisho, aliyemuua huyo Kapteni hutamjua. Hakuna anayekwambia.

Juu ya picha kuna sauti ya VJ Emmie, anayetania, anasifu, anapiga makelele, anawacheka waigizaji. Sisi tuliokulia mabanda ya video hatuhitaji kuelezwa hilo. Tulimsikia Lufufu akiwazungumzisha Wahindi na Wachina Kiswahili, na wengine wetu mpaka leo hatuamini kwamba wale hawakukijua.

Sasa sikiliza. Nabwana alipoimaliza hiyo Kapteni Alex, kompyuta haikuwa na nafasi tena. Akaifuta apate pa kutengenezea nyingine. Ile ya asili haipo. Kilichobaki ni nakala ya DVD yenye sauti ya VJ Emmie, na hiyo ndiyo iliyotazamwa na mamilioni ya watu duniani. Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, aliona kionjo chake mwaka 2011, akapanda ndege toka New York hadi Wakaliga, mwishowe akahamia huko huko. Mwaka 2015 waliomba dola 160 kwenye mtandao ili wapige filamu nyingine, wakachangiwa zaidi ya 13,000. Mwaka 2022 wakaalikwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Kassel, Ujerumani. Wapo wanaomtazama ili wamcheke. Mimi nawaambia watazame mateke yale, na jinsi anavyokata picha mguu ukiwa bado hewani, halafu waje tuongee.

Niliposoma habari ya kufuta, nilifurahi vibaya. Nikasema, kumbe hata mabingwa! Kwa siku kadhaa nililala usingizi mnono. Halafu ikanijia: mwenzangu alifuta kazi iliyokwisha, watu wa mtaani kwake wameshainunua, na alifuta ili apige filamu. Mimi nilifuta ambayo hata mama yangu hakuwahi kuiona, nikapiga keki na maharusi. Tena aliyekimbia mle kwenye maua hakuwa mimi.

Juzi nikamwendea. Nilimkuta anaosha pikipiki. Nikamweleza yote. Hakufoka. Aliendelea kusugua rimu, kisha akauliza, "Harusi yenyewe ilikuwa ya nani?" Nikamtajia.

"Hao si wameshaachana?"

Nikasema ndiyo. Akamwaga maji, akaingia ndani. Koti la baba bado liko kwake, na mimi sijaenda kulidai.