Bahari Haikusoma Ratiba Yangu

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilifanya jambo ambalo mtu aliyezoea kukimbizana na saa ya gazeti kuchapwa angelifanya: nilitengeneza ratiba. Rangi nne, vipindi sita kwa siku, dakika 40 kila kimoja. Binti yangu alikuwa darasa la tatu, na ripoti yake ilisema anasoma kwa kusuasua. Mwaka uliofuata kulikuwa na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Kusema kweli ile haikuwa ratiba. Ilikuwa hofu yangu, nimeipigia mistari.

Tukaondoka Dar kwenda kwa mama, Mkwaja. Basi hadi Tanga, gari jingine hadi Pangani, kivuko hadi Bweni, kisha barabara ya vumbi kwenda kusini. Nikaibandika karatasi yangu ukutani, juu ya mtungi wa maji.

Mama aliitazama, hakusema neno. Siku ya tatu, bamvua la mwezi mpevu, saa nne asubuhi, katikati ya Hisabati, akachukua tenga na kijiti cha kuchokolea pweza.

"Mjukuu wangu, twende. Maji yanakupwa."

"Mama, bado ana kipindi."

"Bahari haikuisoma hiyo karatasi yako, mwanangu."

Wakaenda. Nikabaki na chaki mkononi kama mwalimu aliyekimbiwa na darasa zima.

Nilinuna siku mbili, kisha nikaanza kuelewa mpango wa mama. Maana alikuwa nao, ila hakuuandika. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya kwetu hukauka mchana kabla ya adhuhuri, basi asubuhi ni ya mwambani. Siku za maji mafu hakuna cha kufuata huko, asubuhi ni ya vitabu. Mvua ya masika ikishika, hadithi. Wiki mbili zinazunguka, zinaanza upya. Hesabu nayo ikajileta yenyewe: maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Leo yamekauka saa nne na nusu, kesho je? Mtoto akajibu kabla sijatafuta kalamu.

Kusoma kulikuja kwa njia nisiyoipanga. Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, na miwani yake ilikuwa imevunjika. Jioni alimpa mjukuu simu amsomee ujumbe wa ndugu. Nani kajifungua, nani hajambo, nani kazikwa jana. Kwangu mtoto alisoma akiogopa kukosea. Kwa bibi yake alisoma kwa sababu kuna mtu anangoja habari. Siku moja alikwama kwenye neno "marehemu", akalirudia pole pole, akamtazama bibi yake usoni, kisha akaendelea hadi mwisho. Sikumsahihisha. Sikuwa na cha kusahihisha.

Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akilalamikia shule inayomtenga mtoto na maisha ya wazazi wake. Niliisoma chuo kikuu, nikaijibia mtihani, nikafaulu. Kumbe sikuwa nimeielewa.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni, Kiingereza chake kilikuwa kimelala kabisa, na kugawanya kulimtoa jasho hadi Septemba. Lakini alisoma bila kusuasua.

Siku hizi mpango wa likizo ninauandika nyuma ya bahasha: mambo matatu tu ambayo mtoto ayaweze kabla hatujarudi. Saa siziandiki. Sasa ni zamu ya mdogo wake, yuko darasa la pili. Juzi nilimpigia mama kumwambia tunakuja na mengi ya kusoma.

"Karibuni," akasema. "Ila njooni kabla ya bamvua."