Gari la Hisani

Mbweni, Jumatano jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nimekaa chini. Kicheko kilikuwa cha fremu uliyopata Chamazi. Steshenari karibu na shule haikosi mteja. Kilichonikalisha ni pale uliposema utakuja Jumamosi mchana na Noah ya rafiki yako kuchukua ile kompyuta ya mezani, "na akipata dharura, shangazi, bodaboda si zipo?"

Bodaboda sahau. Hilo sitaliongezea mstari wa pili.

Nimeshika karatasi kwa sababu ujumbe wa simu wewe huujibu kwa kidole gumba, mambo yakaishia hapo. Barua utaikunja, utaitia mfukoni, na siku ya kupakia utaifungua.

Mwaka 2009 nilipohama Chang'ombe kuja huku, watu wakiniuliza kama nimehamia Bagamoyo, jirani mmoja mwema alinipa pikapu yake na yeye mwenyewe akaendesha. Hakutaka hata shilingi. Kompyuta niliisimamisha nyuma, kati ya kabati na kichwa cha cherehani, nikaifunika khanga kana kwamba cha kuogopwa ni vumbi tu. Ubungo wakati ule haikuwa na barabara za juu. Tulikwama kwenye foleni mpaka jirani yangu akakunja uso. Tulipoipita Mwenge akaanza kufidia muda. Kila tuta alilirukia kama analidai. Nikasikia "kah!" kule nyuma, nikanyamaza. Nikasikia tena, nikanyamaza. Utamwambiaje taratibu mtu aliyekupa gari bure? Kufika Tegeta kichwa cha cherehani kikaanguka, na kilipoangukia nilipajua bila kugeuka.

Usiku nikaiunganisha kompyuta. Taa ikawaka, feni ikazunguka, na ndani mlio mdogo: tik, tik, tik. Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Mara kumi pengine. Fundi niliyempelekea kesho yake aliniambia kwamba cherehani ilianza kazi, mimi nikaimalizia.

Alinieleza hivi, na tangu siku hiyo sijasahau. Diski ya zamani, ile mafundi wanayoiita hadidiski, ina sahani ndani zinazozunguka, nyingi zikienda mara 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea ambacho hakizigusi. Kinaelea kwenye pengo jembamba kuliko unywele kwa mbali sana. Ukizima kompyuta vizuri, kichwa hujisogeza pembeni kikapumzika. Kikishaumia kwa pigo, kila ukiwasha unakituma kikwaruze sahani zilezile zilizobeba kazi yako. Zile mpya zisizo na kitu kinachozunguka, SSD, hazina ugonjwa huo. Kompyuta unayokuja kuichukua inazo diski zote mbili, na kazi zangu ziko kwenye ile ya kuzunguka.

Unajua kilichopotea? Mahesabu ya kikoba chetu, akina mama 28, miaka mitatu. Hisa, mikopo, faini za kuchelewa, vyote mle ndani. Tulikaa kuyajenga upya kwa madaftari yaliyoloa chai na kwa kumbukumbu za watu, na wewe unajua kumbukumbu ya mtu kuhusu deni lake ilivyo. Mmoja alikula kiapo kwamba amemaliza. Mwingine akasema kama yule amemaliza, basi na yeye amemaliza. Nilitoa laki mbili na nusu zangu ili mambo yatulie, na kwa miezi kadhaa nikawa napita njia ya nyuma kwenda dukani.

Kwa hiyo kabla ya waya na mito, dereva kwanza. Huyo rafiki yako mlipe. Mjazie mafuta mapema, kabla boksi halijaingia kwenye gari, na umpe cha mkononi hata akikataa. Gari la hisani humfunga abiria mdomo. Ukishalipa unaweza kusema "kaka, tuta hilo" bila kumeza mate, na akipita haraka unaweza kusema tena. Mwambie na safari yenyewe ilivyo: tunapita Bagamoyo Road hadi Mwenge, Sam Nujoma hadi Ubungo, Mandela hadi Uhasibu, tunashika Kilwa Road mpaka Rangi Tatu, ndipo tukate kwenda Chamazi. Ni kutoka ncha moja ya Dar hadi nyingine, matuta na rasta njia nzima. Asije akadhani anakwenda Kunduchi.

Sasa kompyuta yenyewe. Sisi tumeiona ukubwani. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na mimi nilipomaliza uhazili kule Tabora kilichonisubiri ofisini kilikuwa taipu. Lakini taipu ilitufunza adabu moja: huinyanyui mezani kabla ya kufunga lile gari lake la juu linalokwenda kushoto na kulia. Ukiibeba bila kulifunga gari hilo, linakwenda lenyewe na kugonga mwisho. Kila chombo kina kitu chake cha kufungwa kabla ya safari. Cha kompyuta ni kuizima kwa utaratibu wake, si kwa kuchomoa plagi, kisha uhesabu dakika nzima hadi usisikie kitu kinachozunguka. Ndipo uiguse.

Piga picha za nyaya zote kwa simu kabla ya kuchomoa. Utaniambia unazijua. Piga.

Halafu fungua mfuniko wa ubavuni. Lile boksi la chuma sote tunaliita CPU, ingawa CPU yenyewe ni kidude cha ukubwa wa biskuti kilichojificha chini ya feni. Feni hiyo na kile kipoza joto chake ni vizito. Vitikise kwa ncha ya kidole uone kama vimeshika. Mwezi uliopita nilifungua nikakuta mayai mawili ya mjusi pembeni ya feni, meupe, madogo kama punje za bisi, na skrubu moja imelala juu ya mazabodi. Skrubu ile ingetembea njiani ikakaa pabaya, ungewasha Chamazi ukasikia harufu. Mayai niliyatoa kwa kijiko. Angalia tena, maana mijusi ya huku haina aibu.

Ukifunga, lilaze boksi, mfuniko unaofunguka ukiwa juu. Watu wengi hulisimamisha kwa heshima, kama mgeni. Likisimama, kipoza joto na zile kadi zinaning'inia kwa ubavu kama mikoba ukutani, na kila tuta linazivuta. Likilala, zinasimama wima kama misumari na uzito unakwenda chini kwenye tundu zake. Mahali pake ni sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, juu ya blanketi lililokunjwa, likibanwa pande zote na mito. Halitoshi hapo? Kiti cha nyuma, na mkanda wa abiria. Buti hapana: huko ndiko kwenye jeki, tairi la akiba, na dumu ambalo hakuna anayejua lilibeba nini. Na kitu chochote kisikae juu yake. UPS, ule uzito wa betri, iwe chini, mbali na vingine.

Skrini isimame kama inavyosimama mezani, uso wake umeegemea mgongo wa kiti na shuka katikati. Usiilaze ukaweka begi juu. Ile printa yako ya matangi ya wino ikae sawasawa kama sufuria ya mchuzi, vifuniko vimekazwa. Ikilala, wino unamwagikia ndani, na hilo kwa mwenye steshenari ni msiba.

Mafaili nimeshayanakili kwenye diski ya nje, yangu na yale uliyoyaacha. Hiyo diski haipandi gari moja na kompyuta. Inabaki kabatini kwangu Mbweni mpaka unipigie simu kuniambia umefungua faili na umelisoma. Niliwahi kumwona mtu aliyefunga nakala na kompyuta kwenye boksi moja. Akaibiwa boksi.

Risiti ya kununulia nimeitia kwenye bahasha hii. Trafiki akiuliza vitu ni vya nani, karatasi inajibu upesi kuliko wewe.

Saa ndiyo ninayoibadilisha. Jumamosi mchana hapana. Jua la saa nane juu ya bati la gari, foleni imesimama, na Mandela imejaa malori ya bandarini. Ndani ya Noah utaoka mkate. Tutoke Jumapili alfajiri. Na hakuna kusimama Mwenge kunywa supu mkiliacha gari na mzigo unaoonekana dirishani. Supu nitapika mimi.

Mkifika, usiwashe. Najua mkono utakuwasha. Mkiwa mmefunga vioo na kipupwe kinafanya kazi, chuma kinapoa, halafu kinakutana na unyevu wa hewa yetu. Kiache kipate joto la chumba, saa moja au mbili. Fungua tena ubavu, bonyeza RAM na kadi kwa kidole, taratibu. Ikilia pi-pi-pi bila picha usikate tamaa, mara nyingi ni RAM imechomoka kidogo. Ila ukisikia tik, tik, tik, zima papo hapo na usiwashe hata mara moja zaidi. Hata kidogo. Nipigie.

Njoo Jumamosi jioni ulale hapa. Lile godoro la sponji la nusu nimelitoa uvunguni na kulianika. Tutalikata vipande vya kubania mzigo, limeshachakaa. Mwambie rafiki yako kiti cha mbele kina mtu. Nakuja na nyinyi, na safari hii sinyamazi.

Shangazi yako